Kutu kwenye bolti za gari la zamani: zipi zisafishwe, kwa dawa gani, na zipi ziwekwe kando

SWALI: Ndugu fundi, ninafufua gari la mwaka 1968 ambalo lilikaa nje bila kuguswa kwa miaka mingi. Nimekwisha kulifungua lote na sasa nina ndoo iliyojaa bolti na nati zilizoshika kutu. Ningependa kuzirudisha zile zile za asili kadiri itakavyowezekana. Rafiki yangu amenishauri nizitumbukize zote kwenye asidi ya betri usiku kucha. Nimesita, ila tangu juzi nimezilowesha kama ishirini kwenye siki ili nione matokeo. Je, njia ipi ni salama, na nitajuaje kama bolti bado ina nguvu yake?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kusita. Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki yenye ukali mkubwa, nayo haibagui kati ya kutu na chuma kizima. Kufikia asubuhi ingekuwa imekwisha kula nyuzi, na zile bolti ngumu kuliko zote ndizo zingeumia zaidi, tena kwa namna ambayo jicho haliwezi kuiona. Kwa hiyo, kabla hujachagua dawa yoyote, mwaga ndoo hiyo juu ya kitambaa, sugua kila kichwa kwa brashi ndogo na mafuta ya taa, kisha usome kilichoandikwa juu yake.

Bolti za milimita huwa na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta, kama 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ambayo bolti inaihimili kabla ya kukatika, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Na namba ya kwanza ukiizidisha kwa ya pili, kisha kwa 10, unapata kiwango ambacho ikikipita hunyooka, yaani hurefuka, na hairudi tena urefu wake. Bolti ya 8.8, basi, hukatika kwenye 800 hivi, lakini huanza kunyooka moja kwa moja ikifika 640. Bolti za inchi za mfumo wa Marekani hutumia mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Isiyo na alama yoyote ihesabu kuwa laini, uirudishe pale pale ilipotoka, na usiipandishe cheo kwa kuipa kazi nzito zaidi.

Ukimaliza kusoma, tenga mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kazi ndogo: vifuniko, madigadi, kishikio cha betri, vibano vya nyaya. La pili ni la bolti zinazobeba mzigo wa kawaida, zenye ugumu usiozidi 8.8 au mistari mitatu. La tatu ni la bolti zote za 10.9 na kuendelea pamoja na zile za mistari sita, na humo humo utie kila bolti iliyotoka kwenye breki, usukani, springi na mikono yake, mikanda ya viti, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), iwe ina alama au haina. Fungu hili la tatu ndilo linalonifanya niandike jibu refu.

Miaka mingi iliyopita nilisafisha kwa asidi ya hidrokloriki bolti kadhaa za 12.9, zile zinazofungwa kwa ufunguo wa aleni. Zilitoka zinang'aa, nikazifunga kwa spana ya kupimia mkazo na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Asubuhi yake nilikuta kichwa kimoja kiko sakafuni, chini ya gari ambalo halikuwa limesogea hata sentimita moja. Mahali kilipokatikia palikuwa bapa, pana chembechembe kama sukari iliyovunjwa, na shina halikuwa limevutika kuwa jembamba kama linavyofanya chuma kinapozidiwa na mzigo. Kosa lilikuwa langu. Asidi inapokula chuma huzalisha hidrojeni, na atomi za hidrojeni ni ndogo kiasi cha kujipenyeza ndani ya chuma chenyewe. Humo hukusanyika pale penye mkazo mkubwa, yaani chini ya kichwa na kwenye uzi wa kwanza unaobeba mzigo, na kama chuma ni kigumu sana hukatika kikiwa kimetulia, saa kadhaa au hata siku kadhaa baada ya kukazwa. Chuma laini huvumilia hali hiyo, ila kigumu hakivumilii. Ndiyo maana ninakuomba kwa moyo wote: hakuna bolti ya fungu la tatu inayoingia kwenye asidi, hata asidi unayoiona kuwa dhaifu.

Kwa mafungu mawili ya kwanza, mimi hutumia asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaotiwa kwenye vyakula. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu zinatosha. Ondoa kwanza mafuta na grisi yote kwa sabuni, kwa sababu mahali penye mafuta dawa haigusi na utabaki na mabaka. Itumbukize bolti, na baada ya dakika chache utaona viputo vidogo vikipanda kutoka kwenye nyuzi na maji yakianza kugeuka rangi ya majani ya chai. Itoe kila baada ya saa moja, uisugue kwa brashi na kuitazama. Kutu ikikwisha, chuma huwa cha kijivu kisichong'aa na hufunikwa na utando mweusi unaotoka kwa kusugua. Hapo kazi imekwisha, na kuiacha zaidi ni kula chuma kizima. Isuuze kwenye maji yenye kijiko kikubwa cha bikaboneti ya soda kwa kila lita ili kuua asidi iliyobaki, kisha kwenye maji safi, uikaushe papo hapo kwa hewa ya moto na kuipaka mafuta ikiwa bado ina joto. Ukichelewa hatua hiyo ya mwisho, kutu changa ya rangi ya chungwa hurudi mbele ya macho yako.

Fahamu pia kwamba asidi yoyote, hata siki, huondoa zinki iliyopakwa kiwandani. Bolti itakayotoka humo ni chuma kitupu.

Wengi hupenda njia ya umeme, na kwa bolti laini ni njia nzuri. Unahitaji ndoo ya plastiki, maji yenye kijiko cha kaboneti ya soda, yaani soda ya kufulia, kwa kila lita nne hivi, na chaja ya betri ya volti 12. Bolti hufungwa kwenye waya hasi, na kipande cha chuma cha kawaida kwenye waya chanya. Kipande hicho kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hicho hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, zima chaja kabla ya kugusa nyaya, na usilete moto karibu, maana viputo vinavyopanda kwenye bolti ni hidrojeni. Hidrojeni hiyo hiyo ndiyo inayoifunga njia hii kwa bolti ngumu.

Kwa bolti ngumu zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni dawa za kutu zisizo na asidi, ambazo huzinasa chembe za kutu na kuziyeyusha bila kugusa chuma chenyewe. Huenda polepole, pengine usiku mzima, lakini hazizalishi hidrojeni. Ya pili ni brashi ya waya, ya mkono au ya mashine. Kwenye mashine, ishike bolti kwa koleo la kubana na usiielekeze kwenye ukingo unaokuja juu, kwa sababu ikinaswa huruka kwa kasi ya kuumiza. Vaa miwani na kinga ya pua. Na kabla hujaanza, tazama rangi: bolti nyingi za zamani zilipakwa kadimiamu, ambayo huonekana ya fedha au ya manjano ya dhahabu, na kwa macho huwezi kuitofautisha na zinki. Vumbi na moshi wa kadimiamu huharibu mapafu na figo, na ni chanzo cha saratani. Bolti yenye rangi hizo isisuguliwe kwa mashine ikiwa kavu, wala isipashwe moto.

Sasa nije kwenye swali lako la nguvu. Kutu ni chuma kilichokwisha kuondoka, na hakuna dawa inayokirudisha. Chukua bolti mbili za aina moja, uzilaze nyuzi kwa nyuzi kama meno ya misumeno miwili yaliyopishana, kisha uzielekeze kwenye mwanga. Meno yakikaa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna iliyonyooka. Yakianza kukaa vizuri halafu yakaachana polepole, ukaona mwanga ukipenya katikati, moja imevutwa kupita kiwango chake na haifai tena. Kisha izungushe nati nzima kwa vidole vitupu: ikwame mahali pamoja au icheze kushoto na kulia, vyote ni dosari. Mwisho tumia lenzi kutazama mabonde ya nyuzi. Vishimo juu ya kichwa ni suala la sura tu, ila kishimo kwenye bonde la uzi ni mahali ufa utakapoanzia. Katika fungu la tatu, hata kishimo kimoja kinatosha kwangu kununua bolti mpya ya daraja lile lile, na zile za konrodi na za silinda hedi zilizoundwa kukazwa hadi zinyooke sizirudishi kabisa hata zikiwa safi.

Unaponunua, pima nyuzi kwa kipimo chake. Bolti ya milimita 8 yenye hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1.25 inakaribiana sana kwa unene na ya inchi 5/16, na moja huweza kuanza kuingia kwenye nati ya nyingine kabla ya kukwama na kuiharibu. Magari ya Uingereza ya kabla ya miaka ya 1960 yana tatizo zaidi, kwa kuwa nyuzi zake za Whitworth, mfumo wa zamani wa Kiingereza, zina pembe ya digrii 55, na za kisasa digrii 60.

Ukipeleka bolti kupakwa zinki upya, mwambie mpakaji wazi zipi ni za 10.9 na kuendelea, kwa sababu hizo zinapaswa kuokwa kwenye nyuzijoto kama 190 hadi 220 kwa saa kadhaa mara tu baada ya kupakwa ili hidrojeni itoke. Asipoweza kukuhakikishia hilo, usimpe. Na wakati wa kufunga, angalia kama kipimo cha kitabu ni cha nyuzi kavu au zenye mafuta: sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako, yapata asilimia 90, huishia kwenye msuguano, kwa hiyo nyuzi ulizozipaka mafuta zikikazwa kwa kipimo cha nyuzi kavu huvutwa kuliko ilivyokusudiwa.

Zile ishirini zilizo kwenye siki zitoe leo. Siki ni asidi dhaifu, na siku mbili hazitakuwa zimeziharibu bolti laini zaidi ya kuondoa zinki yake; zisuuze kwa bikaboneti, zikaushe, zipake mafuta, kisha uzipime kwa mwanga kama nilivyoeleza. Ukikuta humo yoyote ya 10.9, 12.9 au ya mistari sita, ifungie karatasi yenye jina la mahali ilipotoka, uiweke kama kielelezo cha kununulia mpya, na isirudi kwenye gari.