Maswali yenu: Zaburi ya 23 si hirizi

Wiki hii karibu kila ujumbe umemgusa Mchungaji Mwema. Nimechagua mitano.

Mwalimu, shikamoo. Zaburi 23 isomwe mara ngapi ili mlango wa kazi ufunguke? (Msomaji, Mwanjelwa)

Marahaba. Hakuna idadi. Swali hili nimeshalijibu, na kila wiki linarudi limevaa nguo nyingine: mara ngapi, saa ngapi za usiku, ukielekea wapi. Daudi hakuwa anatunga kanuni ya kufungulia milango, alikuwa anamsifu Mungu anayemjua. Aliyekuambia uisome mara saba juu ya chupa ya maji, kisha chupa hiyo akakuuzia, amekupa hirizi. Isome mara moja kwa moyo wako, halafu peleka barua zako za kazi.

Mume wangu amefariki, ana miezi minne sasa. Watu wananiambia "Bwana ndiye mchungaji wako", nami nikiisoma hiyo Zaburi sisikii kitu moyoni. Je, imani yangu imekufa? (Mama, Uyole)

Pole sana, mama yangu. Imani yako haijafa. Aliyekufa imani haandiki kuuliza.

Isome tena, ila safari hii usitafute kufarijika, angalia maneno tu. Mwanzoni Daudi anamtaja Mungu kwa mbali: *hunilaza, huniongoza, hunihuisha*. Hapo yuko kwenye majani mabichi na maji ya utulivu. Akiingia katika bonde la uvuli wa mauti usemi unabadilika: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Aliyekuwa akimsimulia, sasa anazungumza naye. Wala Daudi hasemi kwamba bonde limefukiwa, au kwamba lilikuwa la kuwaziwa tu. Anasema anapita, na hapiti peke yake.

Nikiwa mdogo nilichunga kondoo wa babu huko Makete, upande wa Kitulo, kule juu kwenye mita 2,600 hivi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kule inaunguza majani, na ukungu ukishuka humwoni hata kondoo aliye hatua tano mbele yako. Mwanakondoo akizidiwa tulimbeba kifuani, ndani ya koti. Wengine walilala. Wengine walilia njia nzima mpaka zizini. Aliyelia na aliyelala walifika wote, kwa sababu miguu iliyokuwa inatembea haikuwa yao. Isaya 40:11 inamtaja Mungu hivyohivyo, kwamba huwachukua wana-kondoo kifuani mwake. Mama, kwa sasa wewe umebebwa. Lia.

Sasa nageukia usharika wako. Siku za msiba mlijaa uani, mkaimba, mkapika. Leo nani anabisha hodi kwa huyu mama? Anayetaka kumwambia mjane kwamba Bwana ni mchungaji wake aende na debe la viazi, akae jioni nzima, wala asihubiri. Na wewe mama, ndugu wa marehemu wakianza kuulizia shamba na nyumba, usisaini karatasi yoyote ukiwa katika hali hii. Tafuta kwanza msaada wa kisheria. Kuchungwa na Mungu hakukuzuii kulinda haki ya watoto wako.

Naendesha lori la Dar kwenda Tunduma. Nimebandika Zaburi 23 kwenye kioo kwa sababu ya mteremko wa Kitonga. Inatosha? (Dereva, Makambako)

Haitoshi. Kagua breki, shuka na gia nzito, na usingizi ukikushika egesha ulale. Shetani alipomtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu alimnukulia Zaburi pia, ile ya 91, na Yesu akakataa kumjaribu Mungu. Hofu yako usiionee aibu. Mwambie Mungu kabla hujawasha gari, na karatasi hiyo ihamishe isikuzuie kuona barabara.

Kiongozi wetu wa maombi anasema sisi ni kondoo, na kondoo hamhoji mchungaji. Tukiuliza sadaka imetumikaje anasema tuna roho ya uasi. Shangazi ameambiwa aache dawa za presha kwa kuwa ameshaombewa. (Msomaji, Mafinga)

La shangazi kwanza, maana halisubiri: arudi kwenye dawa zake na aende kliniki leo. Leo, si baada ya ibada ya Jumapili.

Sasa huyo kiongozi. Yesu alimwambia Petro, "Lisha kondoo zangu." Zangu, hakusema zako. Petro naye, alipozeeka katika kazi hiyo, aliwaonya wazee wasijifanye mabwana bali wawe vielelezo kwa kundi. Kabla yao Ezekieli, sura ya 34, aliwakemea wachungaji waliokula walionona na kujivika manyoya, huku mgonjwa hatibiwi wala aliyevunjika hafungwi. Mungu akasema atawadai kondoo wake mikononi mwao. Kwa hiyo kuuliza hesabu ya sadaka si uasi, Mungu mwenyewe anaiuliza.

Huku kwetu tunatembea nyuma ya kundi na fimbo, ndiyo maana tunadhani mchungaji ni mtu wa kuswaga. Yule wa Yohana 10 huwatangulia kondoo wake, nao humfuata kwa kuwa waijua sauti yake. Kiongozi wenu anawatangulia katika lipi? Kama hakuna jibu, ondokeni mkatafute malisho.

Bibi yangu Rungwe anaumwa, hatoki kitandani. Anasali Kinyakyusa tu, na kijana mmoja wa maombi anamwambia ajifunze sala za Kiswahili ziwe na nguvu. (Mjukuu, Tukuyu)

Mwambie huyo kijana amwache bibi. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891 iliwabidi wao ndio wajifunze Kinyakyusa, na bibi zenu walimwita Mungu Kyala, akawasikia. Kaa kando ya kitanda. Msomee Zaburi polepole, umfasirie kila mstari kwa lugha yake, na ukifika kwenye "Wewe upo pamoja nami" nyamaza umwache amalizie mwenyewe.