Maswali Yenu: Wakili wa Kesi za Biashara na Kodi

Niko mwaka wa nne wa sheria, Parklands. Nataka kuwa wakili wa kesi za biashara na kodi, ila hesabu hazijawahi kunipenda na wenzangu wananishauri nitafute uwanja mwingine. Je, nijaribu? Na nianzie wapi?

Jaribu. Hesabu za kazi hii ni kujumlisha, kutoa na kugawanya, pamoja na subira ya kuifuata shilingi kutoka kwenye ankara mpaka benki. Wanaoshindwa wengi huwa wamelishinda somo la kodi darasani, lakini hawajawahi kukaa na leja ya mfanyabiashara.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Jogoo. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, imejumlisha pesa zote zilizoingia benki mwaka mzima, ikapata shilingi 46,400,000. Ikatoa mauzo yaliyotangazwa bila VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, 31,000,000, ikasema 15,400,000 hazikutangazwa. VAT ya asilimia 16 juu ya hizo ni 2,464,000, na hapo bado kodi ya mapato, adhabu na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Sasa fungua taarifa ya benki mstari kwa mstari. Shilingi 5,800,000 zilikuwa mkopo. Nyingine 3,480,000 mwenye duka alizihamisha kutoka akaunti yake ya pili. Hayo si mauzo. Zinabaki 37,120,000, nazo zina VAT ndani yake, maana mnunuzi hulipa bei na kodi kwa pamoja. Gawanya kwa 1.16 upate 32,000,000. Tofauti na mauzo yaliyotangazwa imeshuka hadi milioni moja, na VAT yake ni 160,000. Hata hiyo milioni iulizie: huenda ni ankara za Desemba iliyotangulia zilizolipwa Januari.

Jedwali la namna hiyo, lenye tarehe, kiasi, chanzo cha pesa na ukurasa wa kielelezo, lina uzito kuliko kurasa ishirini za hoja. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 imemtwika mlipakodi mzigo wa kuthibitisha kwamba Kamishna wa KRA amekosea. Ukisema "huo ulikuwa mkopo" bila barua ya benki, hujasema kitu.

Kuhusu njia yenyewe: ukimaliza shahada utaenda Kenya School of Law kule Karen, ufanye mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria na uanagenzi wa miezi sita katika ofisi ya wakili, kisha uapishwe. Uamuzi mkubwa ni mahali pa uanagenzi. Tafuta ofisi inayoandika pingamizi za kodi, na uombe kuandaa vielelezo. Kupeleka faili kwenye mahakama za Milimani kutakufundisha njia ya Milimani tu. Cheti cha uhasibu cha CPA si lazima, ila mwenye nacho huzungumza na mhasibu wa mteja bila mkalimani.

Nina miaka mitatu kazini, nyingi nikihamisha hati za ardhi. Mteja ameniletea tathmini ya kodi aliyoipokea siku 24 zilizopita. Naweza kwenda moja kwa moja kwenye Jopo la Rufaa za Kodi?

Hapana, wakili, na una siku sita. Kwanza ni pingamizi kwa Kamishna, ndani ya siku 30 tangu mteja alipoarifiwa. Acha kazi nyingine zote uiandike leo.

Pingamizi halali lina mambo matatu. Litaje hoja kwa usahihi, marekebisho unayotaka na sababu zake. Kodi ambayo mteja haibishanii iwe imelipwa, au kuwe na mpango wa kuilipa. Na nyaraka zote husika ziambatishwe. Hapo kwenye nyaraka ndipo wengi hujikwaa: barua inaenda na ahadi kwamba "stakabadhi zitafuata", kisha Kamishna anajibu kuwa pingamizi si halali.

Hoja usizibanie. Ukifika kwenye Jopo utashikiliwa kwa zile ulizozitaja kwenye pingamizi, isipokuwa ukiruhusiwa kuongeza. Kama tathmini inarudi nyuma zaidi ya miaka mitano na hakuna ulaghai, ukwepaji au uzembe mkubwa unaodaiwa, andika hivyo sasa. Kama gharama zimekataliwa, tenganisha za kuanzia Januari 2024, kwa sababu tangu hapo gharama huhitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki.

Kamishna ana siku 60 kuamua pingamizi halali. Zikipita kimya, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Kwa hiyo tunza uthibitisho wa tarehe uliyoliwasilisha kwenye iTax, tovuti ya KRA, kama unavyotunza hati ya ardhi. Akikataa, una siku 30 kuwasilisha notisi ya rufaa kwenye Jopo, ada yake shilingi 20,000, kisha siku 14 kuleta hati ya rufaa, maelezo ya ukweli na uamuzi unaopingwa. Hizo 14 ndizo huwaponza mawakili wanaotoka kwenye kesi nyingine, kwani wakishawasilisha notisi hudhani wamepumua. Kutoka Jopo hadi Mahakama Kuu ni siku 30 tena, na kule utasikizwa kwa hoja za sheria tu. Leja uliyoifumbia macho mwanzoni haitafunguliwa upya.

Kuna pia meza ya maelewano na KRA, yenye kikomo cha siku 120. Kwa ugomvi wa takwimu kama ule wa Barabara ya Jogoo, mimi ningeanzia huko, huku rufaa ikiwa tayari imewasilishwa.

Mteja wangu ameshtakiwa Milimani kwa mkataba wenye kifungu cha usuluhishi, kinachotaka ugomvi uamuliwe na msuluhishi nje ya mahakama. Nimeshawasilisha utetezi. Bado naweza kuomba kesi iende kwa msuluhishi?

Umechelewa. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 kinataka ombi hilo liletwe kabla au wakati ule ule wa kuwasilisha notisi ya kufika mahakamani. Mlango uliobaki ni makubaliano ya pande zote mbili, au upatanishi wa mahakama, ambapo mpatanishi huzisaidia pande mbili kuelewana, na ambao Milimani umekuwepo tangu 2016.

Mkipatana, angalia kodi kabla ya kutia sahihi. Hati isemayo "mdaiwa atalipa shilingi 11,600,000" bila kutaja VAT huzaa ugomvi wa pili: je, ni milioni kumi na kodi yake ndani, au kodi inaongezwa juu? Sentensi moja inamaliza swali hilo, na iandike wewe.

Naweza kufungua ofisi yangu mara tu nikiapishwa?

Bado. Sheria ya Mawakili inataka ufanye kazi kwanza ukiwa umeajiriwa, kwa mfano chini ya wakili mwingine, kwa miaka isiyopungua miwili. Itumie kwenye meza ya kodi, na kila faili utakayopewa, andika tarehe ya mwisho kwenye jalada kabla hujasoma ukurasa wa kwanza.