Mzaliwa wa Pwani na Fukuto la Juni

SWALI: Nilizaliwa na kukulia Tanga, na sasa ninaishi Silver Spring, Maryland. Majira yote ya baridi nilifanya mazoezi ndani. Juni ilipoingia nilianza kukimbia katika hifadhi ya Rock Creek Park, lakini muda si muda ninalowa chapachapa, moyo unanienda mbio na miguu inaisha nguvu. Inakuwaje mtu wa pwani ashindwe na joto la huku? Je, nisubiri hadi joto lipungue?

JIBU: Ndugu msomaji, usisubiri, kwani utaikosa misitu hiyo wakati inapopendeza. Mwili hujifunza kustahimili joto, lakini pia husahau: baada ya mwezi mmoja hivi wa baridi, sehemu kubwa ya ustahimilivu huo huwa imepotea, hata kwa mzaliwa wa Tanga. Habari njema ni kwamba hurudi kwa wiki moja hadi mbili, ukitoka kila siku na kuongeza mwendo kidogo kidogo.

Kinachoupoza mwili ni jasho linalokauka, si linalotiririka. Hewa ikijaa mvuke, jasho halikauki, na moyo hulazimika kusukuma damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu moyo wako unakwenda mbio ilhali mwendo wako ni mdogo. Katika utabiri wa hewa, tazama halijoto ya umande (dew point), yaani kiwango cha joto ambacho mvuke wa hewani huanza kugeuka umande, kuliko asilimia ya unyevu, kwa kuwa asilimia hiyo huwa juu alfajiri hata siku zenye nafuu. Halijoto ya umande ikizidi nyuzi 21 za Sentigredi, tembea badala ya kukimbia.

Ningekushauri utoke alfajiri, kabla jua halijaugeuza moshi wa magari kuwa ozoni inayokera mapafu. Sehemu za juu za barabara ya Beach Drive zimefungwa kwa magari, na miti mirefu huzitia kivuli. Ukienda taratibu utamsikia ndege wa kahawia mwenye madoa kifuani, aitwaye wood thrush, ambaye ndiye ndege rasmi wa jiji la Washington, D.C., na huimba sana saa hizo. Kwangu mimi, huyo peke yake anatosha kumwamsha mtu mapema. Ila usijitose katika kijito cha hifadhi hiyo kama ulivyozoea baharini: maji yake yana vijidudu, na kuogelea humo kumepigwa marufuku. Ukirudi, jikague mwili mzima, kwa kuwa msimu huu kupe wachanga, wadogo kama mbegu za mchicha, wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, na kumtoa kupe mapema, kabla ya saa 24, hupunguza sana hatari hiyo.

Kunywa maji kabla ya kiu. Ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, acha mara moja, kaa kivulini na ujimwagie maji; mwenzako akianza kuchanganyikiwa, piga simu 911 huku ukimpoza. Moyo ukiendelea kwenda mbio hata umepumzika, au kifua kikiuma, muone daktari kabla ya kutoka tena.