Grafu ya kani na mchapuko inapinda? Angalia mifuko ya mzigo unaitoa wapi

Mwalimu mwenzangu, umesema grafu ya kani na mchapuko (kasi inavyoongezeka) ya fomu tuu wako inapinda kwa juu, haipiti kwenye sifuri, na kigari chenu ni cha kuunga tu. Pole sana, mi pia nilifundisha shule isiyo na toroli wala tika taima (kifaa kinachogonga nukta kwenye utepe kupima muda) na hiyo grafu ilinitesa mwaka mzima.

Tuanze na kupinda maana ndo penyewe. Bila shaka unachukua uzito mezani unauongeza kwenye uzi unaovuta kigari ukining'inia ukingoni mwa meza, sindiyo? Mi ndo nilivyokuwa nafanya. Sasa ule mzigo unaoning'inia hauvuti kigari peke yake, unajivuta na wenyewe, vyote vinachapuka pamoja, kwa hiyo masi ya kugawia ni ya kigari jumlisha mzigo. Kigari changu kilikuwa gramu 500. Nikining'iniza gramu 50, kani yake ni nyutoni 0.5, gawanya kwa kilo 0.55 napata mchapuko 0.91, nikining'iniza 200, nyutoni 2 gawanya kwa 0.7 napata 2.86 wakati watoto wanasubiri 3.64. Kani umeiongeza mara nne sawa, ila na masi umeibadilisha, lazima ipinde.

Dawa yake pakia mifuko yote ya mzigo kwenye kigari toka mwanzo, kila raundi uhamishe mmoja kutoka kwenye kigari uende kwenye uzi, jumla haibadiliki kabisa. Mifuko yetu ni ya mchanga, tulipima kwa mizani ya rula yenye vikopo viwili vinavyofanana, kimoja tunaweka maji mililita 50 kwa bomba la sindano la duka la dawa, hiyo ni gramu 50 tayari, kingine mchanga mpaka rula ilale sawa. Kigari ni kipande cha ubao na beringi nne, na tofali dogo juu mpaka jumla ya vyote, pamoja na mifuko, ifike kilo 2 ili kiende taratibu mtoto awahi kubonyeza saa ya simu.

Kutopita sifuri, kama mstari unakata mhimili wa kani basi ni msuguano, kani ya kwanza yote inaliwa na beringi na ubao wa njia, ule kigari kinapopita. Inua mwisho mmoja wa ubao huo wa njia kwa madaftari, moja moja, uzi ukiwa haujafungwa, sukuma kigari kidogo tu uone kama sentimita 50 za kwanza na 50 za pili zinachukua muda uleule. Ukizidisha madaftari mstari utakata mhimili wa mchapuko, kwa hiyo punguza.

Halafu kuna kitu kinawachanganya sana watoto, wanadhani kani ikiwa mara mbili muda unakuwa nusu. Kwa kilo 2 na umbali wa mita 1, mfuko mmoja unakupa kama sekunde 2.8, miwili 2.0, minne ndo 1.4. Nusu inakuja kwa mifuko minne! Maana mchapuko ni umbali mara mbili gawanya kwa muda mara muda. Waache wakisie kwanza kabla ya kuachia kigari, kisha wapime mara tano kila raundi wachukue wastani, kidole kinachelewa kama sekunde 0.2 hivi.

Sehemu ya pili, ya kubadilisha masi, acha mfuko mmoja kwenye uzi uongeze mawe kwenye kigari, na grafu wachore mchapuko dhidi ya 1 gawanya kwa masi yote, na ule mfuko wa kwenye uzi usisahaulike kwenye hesabu.