Fundi aliyegeuza jibu: kwa nini modeli zangu za maamuzi sasa ziko kwenye kivinjari

Kwa miaka kadhaa nimeandaa lahajedwali za kuwasaidia watu kuamua: mashine ikarabatiwe au inunuliwe mpya, ghala liwe na vipuri kiasi gani, kazi wafanye wa ndani au apewe mkandarasi. Nikimaliza natuma faili kwa barua pepe. Siku ya kikao mkurugenzi anakuja na toleo la Jumatatu, mhasibu ana la Jumatano alilolirekebisha mwenyewe, mimi nina la asubuhi ile. Nusu saa nzima inakwisha tukitafuta kwa nini hesabu zetu hazilingani.

Nilizihamishia hesabu hizo, yaani modeli zangu, kwenye kivinjari kwa sababu hiyo tu, pawe na toleo moja kwenye anwani moja. Nilichokuja kukipata ni kikubwa zaidi ya hapo.

Ilikuwa ile modeli ya mashine. Nilitengeneza ukurasa wenye vitelezi, vile vitufe vya kuburuta kulia na kushoto, nikatuma linki kwa kila aliyehusika, akiwemo fundi ambaye hakuwahi kuitwa kwenye vikao vya fedha. Modeli ilikuwa inasema karabati. Jioni fundi akanipigia: "Mbona hapa mashine ikiharibika inasimama siku mbili tu? Kipuri chenyewe kinachukua wiki tatu kufika." Nilikuwa nimehesabu muda wa kufungua na kufunga, nikasahau muda wa kusubiri. Yeye alikuwa ameshaburuta kitelezi mpaka ukomo niliouweka, siku kumi, na kabla hajafika huko jibu lilikuwa limeshageuka kuwa nunua mpya.

Ile siku mbili ilikaa kwenye seli miezi mingi, na faili lilipita kwa watu watano. Hakuna aliyeiona, maana watu hawasomi seli. Lakini ukimpa mtu kitu akisogeze na aone matokeo yanavyoyumba, ujuzi wake unaamka.

Kwa hiyo, kama ningeruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu, ni huu: kwenye vitelezi weka yale makadirio ambayo mwenzako anayajua kuliko wewe. Usiweke kila kitu. Modeli yangu ilikuwa na vigezo zaidi ya 40, na ukurasa wenye vitelezi 40 humchosha mtu kabla hajaanza. Chukua kigezo kimoja kimoja, kipeleke kwenye thamani ya chini kabisa inayowezekana halafu ya juu kabisa, vingine vikiwa vimetulia, uandike jibu linasogea kiasi gani. Panga matokeo kwa milia, mrefu juu, mfupi chini. Wataalamu huiita chati ya tonado kwa umbo lake. Mitano au sita ya juu ndiyo inayostahili vitelezi. Iliyobaki iweke kwenye jedwali chini ya ukurasa, ionekane, lakini isidai kuguswa.

Na ukomo wa kitelezi usiupange peke yako. Kitelezi kinachoishia siku kumi kinamwambia fundi kwamba wiki tatu haziwezekani, wakati yeye ameziishi. Muulize kwanza: vibaya kabisa uliwahi kuona nini?

Kuhusu kasi sina subira hata kidogo. Fungua En-ROADS, kielelezo cha sera za tabianchi kilichotengenezwa na shirika la Climate Interactive pamoja na MIT Sloan, shule ya biashara ya chuo cha MIT cha Marekani. Unaburuta bei ya kaboni, yaani gharama anayotozwa anayechafua hewa, na mstari wa joto la dunia hadi mwaka 2100 unasogea palepale. Jibu likichelewa sekunde chache tu, mkono na jicho vinaachana, na mtu hajui tena ni hatua yake ipi iliyoleta badiliko lipi. Kama hesabu ni nyepesi, iache ifanyike ndani ya kivinjari chenyewe kwa JavaScript, lugha ya programu ambayo vivinjari huielewa. Ikiwa ni nzito au imeandikwa kwa lugha za programu za R au Python, Shiny na Streamlit, zana za kugeuza hesabu kama hizo kuwa kurasa za wavuti, zitakurahisishia kazi, ila mara nyingi utahitaji seva, yaani kompyuta ya mbali inayofanya hesabu hiyo.

Hapa kuna hatari inayonikosesha usingizi: chochote kinachohesabiwa ndani ya kivinjari kimeshatumwa kwa msomaji. Kuficha safu hakufichi kitu. Mishahara ya watu na bei za siri za wauzaji zisiingie humo kabisa; weka jumla yake, au hesabu ifanyike kwenye seva na ukurasa ulindwe kwa nywila.

Fomula, kwa upande mwingine, zionekane. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alishindwa kupata matokeo yaleyale ya makala maarufu ya wachumi Reinhart na Rogoff ya 2010 kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Waandishi walipompa lahajedwali lao, aligundua, miongoni mwa mambo mengine, kwamba fomula ya wastani iliziacha nje nchi tano. Kitelezi kisingemwonyesha hilo. Ndiyo maana chini ya kila namba kuu naandika kwa maneno ya kawaida jinsi ilivyopatikana, na kila kadirio lina chanzo na tarehe.

Jambo dogo lenye faida kubwa: hali ya vitelezi ihifadhiwe ndani ya linki yenyewe. Mtu akinakili anwani na kuituma, mwenzake afungue aone hasa alichokiona yeye. Mabishano ya "mimi nilipoweka hivi ilitoka vile" yalikwisha kwetu siku hiyo hiyo.

Kama modeli yako inatumia mwigo wa Monte Carlo, yaani kurudia hesabu mara nyingi kwa namba za kubahatisha, funga mbegu ya namba hizo: ile namba ya kuanzia inayofanya zitoke zilezile kila mara. Mwanzoni sikufanya hivyo. Mhasibu alipakia ukurasa upya, namba ikabadilika kidogo bila yeye kugusa chochote, na imani yake ikashuka. Alikuwa na haki. Nilirudi nikaifunga mbegu, na badala ya namba moja nikaonyesha chini, kati na juu.

Uamuzi ukishapita, gandisha nakala: tarehe, thamani zote, jibu. Ya mashine ile bado ninayo. Iliamuliwa inunuliwe mpya. Kitelezi cha kusubiri kipuri sasa kinafika siku 60, kinaanzia 21, na pembeni yake pameandikwa chanzo: fundi wa zamu.