Usaha wa mbuzi hausomwi siku moja

Wadogo zangu mlioingia maabara mwezi huu, nimeona tena pleti za usaha (sahani tunazooteshea bakteria kutoka kwenye jipu) zikitupwa baada ya saa 24, na daftarini imeandikwa "hakuna kilichoota". Tafadhali, hapana.

1. Corynebacterium pseudotuberculosis, bakteria wa ugonjwa wa majipu ya matezi kwa mbuzi na kondoo, haina haraka. Saa 24 kwenye aga ya damu (jeli yenye damu ya kuoteshea bakteria) utaona vidoa vidogo mno, pengine usione kitu. Saa 48 ndipo zinatokea koloni nyeupe, kavu, zinazoteleza ukizisukuma kwa lupu, yaani kile kitanzi cha waya.

Mnajua jibu hilo la haraka linamfanyia nini mfugaji? Kuna mzee wa Ngong aliyepewa jibu kama hilo na maabara moja. Akaona mbuzi wake ni mzima, akamrudisha zizini. Jipu la shingoni likapasukia kwenye hori, usaha ukaenea kwenye mbao na udongo, na humo bakteria hawa hudumu kwa miezi. Kila mbuzi mwenye mchubuko wa mwiba akawa hatarini. Baadaye alinunua dawa, sindano baada ya sindano, lakini dawa haipenyi vizuri ukuta mnene wa jipu, na bakteria wenyewe hujificha ndani ya seli za kinga. Mbuzi wengine walikonda huku wakila vizuri. Walipochinjwa, majipu yalikuwa mapafuni. Yote hayo kwa sababu mtu hakungoja kesho yake.

2. Pleti ya pili iwekwe kwenye mtungi usio na oksijeni. Ugonjwa wa Morel, unaoleta majipu ya matezi yanayofanana na haya, uliripotiwa kwa kondoo wa Kenya tangu 1962, kwa hiyo msiniambie ni wa Ulaya. Bakteria wake, Staphylococcus aureus anaerobius, haioti vizuri kwenye hewa ya kawaida, na katalesi yake ni hasi, yaani haitoi mapovu ukiitia hidrojeni peroksidi. Hapo ndipo wengi wenu huiita streptokoka, bakteria mwingine wa katalesi hasi, na kufunga faili.

3. Trueperella pyogenes, bakteria mwingine wa usaha: katalesi hasi, koloni ndogo kama ncha ya sindano, hemolisisi yake (kuyeyusha chembe nyekundu za damu kwenye aga) hukolea saa 48.

4. Vuta usaha kwa sindano kutoka jipu lisilopasuka, karibu na ukuta, maana katikati bakteria wengi wameshakufa. Mkienda Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi jijini Nairobi, ombeni tezi nzima. Tezi ya kondoo yenye Corynebacterium ukiikata mara nyingi ina tabaka kama kitunguu. Ya mbuzi huwa uji mzito, nayo bado ni ugonjwa uleule. Na vaeni glovu, wapendwa. Corynebacterium huyu huingia hata kwenye matezi ya binadamu.