Jibu: Kiwanja cha Ohio chenye pengo la hati, 1819 hadi 1838

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: mzee wa ukoo wa mkeo alinunua kiwanja namba 47 huko Ohio, Marekani, mwaka 1819, halafu 1838 kinauzwa na mtu mwingine kabisa, katikati hakuna hati.

Kabla ya yote, rudi kwenye faharasa ya wauzaji kwa msajili wa hati wa kaunti, ila usitafute jina la mzee. Huenda kiliuzwa kwa deni la kodi, na kiwanja kikiuzwa hivyo, anayesaini hati ni ofisa, kwa hiyo mara nyingi imeingizwa kwa cheo au jina lake. Pitia "Auditor" (mkaguzi wa hesabu wa kaunti), "Collector" (mkusanya kodi) na "Sheriff" (ofisa wa usalama wa kaunti). Mimi hati za namna hii nimezikuta huko huko, watu wamezipita wakifuata ukoo tu.

Usipoipata, chukua orodha za kodi mwaka baada ya mwaka. Mwaka ambao jina linabadilika ndio wa kuushika. Fungua magazeti ya kaunti ya mwaka huo na uliotangulia, maana wadaiwa walitangazwa. Angalia pia kama kiwanja kilikombolewa, yaani mwenyewe alilipa deni baada ya mnada akakirudisha, kwani hapo mnada haukuzaa hati.

Mirathi nayo usiiache. Ohio kabla ya 1852 ilisikilizwa Court of Common Pleas, yaani mahakama ya kawaida ya kaunti, si mahakama ya mirathi.

Hukutaja kaunti. Kama ni Hamilton, jengo la mahakama yake liliungua 1884 na nyaraka nyingi zikapotea, basi tegemea zaidi magazeti na orodha za kodi. Itaje tuendelee.